Nyuki wa Shemeji

Ukifika kwenye ukumbi wetu ukauliza habari za mume wa dada yangu, utaambiwa ni fundi makochi, ni mpiga gitaa, na ni yule mwanaume aliyeingizwa mjini dukani akauziwa kifaa cha umeme kibovu. Hilo la tatu ndilo watakaloanza nalo. Wakishalisema watacheka, kisha watakuonyesha mimi huku nyuma kwenye dramu: muulize yule, ni shemeji yake, alikuwepo. Kweli nilikuwepo. Boksi nililibeba mimi, na mpaka leo sijui vizuri tulinunua nini. Lakini kibovu hakikuwa kibovu, na hilo nakwambia wewe kwa sababu dada yangu hakujui na wewe humjui.

Nianze na mwanaume mwenyewe. Shemeji yangu hajawahi kuamua jambo haraka. Mpelekee kochi lililochanika, atalizunguka, atalikalia kila pembe, atalipiga ngumi asikilize springi zinasema nini, halafu atakwambia, "Subiri kwanza." Bendi nzima tunamwita hivyo, Subiri Kwanza, na anaitika. Hata dada yangu alimpata kwa mwendo huo. Alikuja nyumbani kutengeneza kiti kimoja cha mama, kiti chenyewe kina mguu mmoja tu unaocheza, na kazi haikuisha mpaka mama akasema huyu kijana ama hajui ufundi, ama ana lake jambo. Alikuwa na lake jambo.

Mimi siko hivyo. Mimi nikiona kiatu kinanipendeza nanunua, kikinibana ni shauri yangu. Ndiyo maana kwenda dukani na shemeji naona ni adhabu ya makosa ambayo hata sijayafanya.

Dada yangu ndiye mwimbaji wetu. Siku za kazi anatengeneza barafu za vifuko na kuwauzia wanafunzi. Friji lake ni kubwa, halikupita mlango wa jikoni, basi likabaki sebuleni, na yeye hukaa ubavuni mwake kwenye kigoda, anafunga vifuko na kuimba. Jumapili alasiri huvaa gauni lake akapanda jukwaani, na hapo ndipo utajua kwa nini watu huwahi viti. Wimbo wetu wa kwanza anauanza peke yake. Hakuna gitaa, hakuna dramu, hakuna anayempa sauti ya kuanzia. Ukumbi unanyamaza, yeye anavuta pumzi, anaimba mstari mzima, kisha sisi tunaingia wote kwa mpigo na kumkuta palepale alipo. Hajawahi kutupotea. Waimbaji wa bendi nyingine humvuta pembeni wamuulize anaipata wapi ile sauti, na hata waya mmoja wa gitaa haujaguswa. Yeye hujibu, "Inakuja yenyewe."

Analisema kwa unyenyekevu, kama hana habari. Lakini mimi nimekua naye, namjua. Kwa hilo anajivuna mno. Hana nyumba ya ghorofa wala gari, ana hilo.

Sasa tuje kwa nyuki. Shemeji anapiga gitaa kwa pedali. Kama huzijui, ni vijisanduku vya chuma vinavyopangwa sakafuni; ukikanyaga hiki gitaa linalia kama liko ndani ya pango, ukikanyaga kile linakwaruza, ukikanyaga kingine linayumba kama mlevi. Yeye anazo tano. Amezipanga kwenye ubao alioutoa kwenye fremu ya kochi, akauvalisha mahameli nyekundu iliyobaki kwa mteja. Zote tano zilikuwa zinapata umeme kwenye adapta moja kuukuu, waya umeruka hapa ukaruka pale kama kamba ya kuanikia nguo. Na adapta ile ilikuwa inavuma. Ukiwasha tu, spika inaanza: mmmmm. Tukiwa tunapiga huisikii. Tukinyamaza, iko palepale, haichoki.

"Nyuki wako huyo," dada alikuwa akimwambia mbele ya watu wote, "iko siku nitapanda jukwaani na dawa ya kupuliza."

"Subiri kwanza," shemeji anajibu, na miaka inakwenda.

Mpaka alipokuja mrekodi. Huyu bwana alipita ukumbini Jumapili moja kwa shughuli zake, akasikia wimbo wa kwanza, akasahau shughuli zake. Baada ya onyesho alimfuata dada nyuma ya jukwaa, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mama, hujawahi kurekodiwa?" Dada akatikisa kichwa. Kweli, hata mara moja. Kila mara palitokea la kutokea: mtoto anaumwa, bendi imevunjika, mtu wa studio amehama. Mrekodi akasema atamrekodi palepale ukumbini, na watu wakiwa wamekaa, na wimbo utakuwa uleule.

"Ila hicho kinachovuma, hapana," akasema, akionyesha ubao wa shemeji kwa kidevu. "Wimbo huu unaanzia kwenye ukimya. Sasa ukimya wenyewe uko wapi? Nikirudi nikakikuta, nafunga vyombo vyangu naondoka."

Alikuwa na kipimo kidogo cha kupimia nyuzi, akakibana kwenye gitaa, kisha kwenye besi, akakunja uso. "Na mbona nyote mko juu ya alama? Si sana, kama unywele. Lakini nyote."

"Tunalinganisha nyuzi kwa sikio," shemeji akasema. "Tunamfuata mama watoto."

Mrekodi akapandisha mabega. Hakuna aliyelitia maanani hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku ile dada alikwenda nyumbani haoni njia kwa furaha. Alilitoa gauni kabatini akalitundika mlangoni, ukipita linakugusa uso. Aliniambia, "Mdogo wangu, wajukuu zangu watanisikia hata nikiwa sipo. Unajua maana yake?" Nikamwambia najua. Akanipiga kofi la bega. "Hujui wewe. Basi mfuate shemeji yako dukani mkamtoe huyo nyuki, maana ukimwachia peke yake atarudi nimeshazikwa."

Ndiyo nikajikuta nimebeba ubao wa mahameli begani, umefungwa kwa shuka, kama tumembeba mgonjwa. Kwa nini ubao mzima? Kwa sababu shemeji alisema huwezi kumnunulia mtu viatu bila miguu yake.

Tulianzia kwa fundi redio. Fundi akaweka ubao kwenye meza yake, akapindua pedali mojamoja, akasoma maandishi ya chini kwa kuyasogeza puani. "Hizi nne zinataka volti tisa, mainasi katikati, plasi nje. Hii ya kijani inataka tisa pia, lakini yenyewe ni kinyume. Plasi katikati. Ukiichomeka kwa wenzake bila kugeuza, umeiua."

"Nani aliitengeneza kinyume?" nikauliza.

"Aliyeitengeneza."

"Sasa mbona kwenye adapta ya zamani zilikuwa pamoja na haikufa?"

Shemeji akanionyesha kipande cha waya kilichosokotwa na kufungwa plasta, karibu na ile ya kijani. Alikuwa ameugeuza mwenyewe zamani. Fundi aliutazama ule waya, akamtazama shemeji, akasema hicho ndicho kilichomzaa nyuki, au nusu yake. Nusu nyingine ni adapta yenyewe, imezeeka.

Kisha akaingia kwenye ampea, na hapo ndipo niliposhushwa njiani. Kila pedali, akasema, ina kiasi chake inachokula. Hii ya mwangwi ni mlafi, hii ya kukwaruza inadonoa tu. Shemeji akauliza, kifaa kikiwa na nguvu kuliko zinavyohitaji?

"Si neno."

"Haiungui?"

"Volti zikizidi inaungua. Ampea zikizidi si neno."

"Kwa hiyo ikizidi inaungua," nikasema mimi.

"Volti."

"Na isipozidi?"

"Ampea zikipungua haifanyi kazi. Volti zikipungua inafanya kazi vibaya. Wengine wanaipenda hivyo."

Jamani! Nilimuomba aniambie kama mtoto. Akasema, chukua pipa la maji na kikombe. Pipa liwe kubwa vipi, kikombe kitachukua cha kikombe. Hiyo ndiyo ampea. Nikaelewa, nikafurahi. Nikauliza, na volti? Akasema volti ni kasi ya maji yanavyotoka. Nikaliona lile pipa linamiminwa kwa kasi juu ya kikombe, kikombe kinaruka, na yote niliyokuwa nimeelewa yakaenda na maji. Shemeji alikuwa anatikisa kichwa polepole, kwa namna ya mtu aliyeelewa, au ya mtu anayejaribu springi. Kwake yeye huwezi kujua.

Tukaenda dukani. Mwenye duka la vyombo vya muziki ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, na subira ambayo mwanzoni ilikuwa nyingi. Akatupangia vitatu juu ya kioo. Cha kwanza chepesi, matundu mengi. Cha pili kizito, matundu machache. Cha tatu unakichaji nyumbani, huhitaji soketi kabisa. Nikasema tuchukue cha matundu mengi, twende zetu.

"Hicho matundu mengi, tumbo moja," mama akasema. "Hiki cha pili kila tundu lina tumbo lake. Pedali zikila sahani moja zinagombana, na ugomvi wao ndio kelele mnayosikia."

"Na cha kuchaji?" shemeji akauliza.

"Hicho kimya kabisa. Ila kikiisha katikati ya wimbo, na wewe umeisha."

"Subiri kwanza," shemeji akasema, nikafumba macho.

Aliuliza cha pili kinapata joto? Kikipata joto, kinafaa kukaa juu ya mahameli? Tundu lile la pembeni lina alama gani? Umeme ukiyumba? Akakipima uzito kwa mkono wa kulia, akakipima kwa wa kushoto. Akatoka nje kufikiri. Akarudi. Akampigia simu mpiga besi wetu, mpiga besi akasema chukua cha kuchaji, kwa hiyo tukarudi mwanzo. Mama akatuambia anafunga akale. Tukakaa kizingitini, ubao magotini kwangu, mpaka aliporudi akitutazama kwa jicho la pembe. Shemeji akamuomba avitoe tena vyote vitatu.

Hapo hasira zilinipanda. "Shemeji! Chagua! Unaoa?"

"Kuoa nilichukua muda zaidi," akasema, wala hakuwa anatania. Mama mwenye duka alicheka mpaka miwani ikamtoka.

Akachukua cha pili, chenye tumbo kwa kila tundu. Waya wa kugeuzia ile ya kijani, mama akasema umekwisha, aje wiki ijayo. Kwa hiyo pedali nne zikapata makao mapya, na ya kijani ikabaki hapo ubaoni kama mgeni aliyekosa kiti.

Siku ya mazoezi shemeji akawasha. Nilidhani spika imekufa. Hakuna mmmmm. Mpiga besi akasogeza sikio kwenye spika mpaka likagusa. Ulikuwa ukimya wa kweli, ukimya ambao hatukuwahi kuusikia mle ndani, unasikia hata kiti kinavyolia mtu akigeuka. Dada akapiga vigelegele. "Nyuki amekufa! Mume wangu, leo nimekupenda upya."

Akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza.

Tukaingia, tukagongana. Yeye alikuwa chini, sisi juu. Ilikuwa mbaya, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja. Tukacheka, tukarudia. Safari hii yeye alikuwa juu, sisi chini. Akajikohoza, akanywa maji. Mara ya tatu hakumaliza hata mstari, alijisikia mwenyewe kwamba hayuko popote. Akatugeukia. Uso ule sijawahi kuuona kwa dada yangu, hata siku ya msiba wa baba.

"Haiji," akasema.

Mpiga besi, kwa wema wake, akamgongea noti. Afadhali angemtukana. Dada alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga, gauni la mazoezi likifagia ngazi.

Siku zilizofuata sikuelewa hata chembe. Nilipita kwake mchana nikamkuta kwenye kigoda, anafunga barafu, anaimba ule wimbo, na yuko palepale, sawasawa, hata unywele haujapungua. Nikafurahi. Jioni ukumbini, anapotea. Kesho yake nyumbani yuko sawa, ukumbini anapotea. Mimi nikasema ni woga wa kurekodiwa. Mpiga besi akasema ni mafua ya ndani. Dada hakusema ni nini mpaka siku aliponikalisha.

"Mdogo wangu, sauti imeniaga," akasema. "Ilikuwa inakuja yenyewe, sasa imekwenda yenyewe. Wimbo nampa yule binti wa kiitikio. Mpigie mrekodi umwambie asije kwa ajili yangu." Alikuwa halii. Alikuwa anafunga vifuko, anakaza fundo, anakata uzi kwa meno, anaweka. "Nilijua itakuja siku hiyo, ila sikujua itakuja wiki hii."

Shemeji alikuwa mlangoni. "Subiri kwanza," akasema.

"Nisubiri nini?" dada akamfokea. "Nisubiri nini, wewe?"

 Mimi kwa moyo wangu nikamkasirikia. Mke anazama, yeye anasubiri. Mrekodi sikumpigia, si kwa hekima, ni kwa sababu sikuwa na maneno ya kumwambia.

Jumapili ikafika. Dada alikuja kwa kuburutwa na shemeji, amevaa gauni lakini uso hakuupaka kitu. Alisema atajaribu mara moja tu, ikishindikana binti apande. Mrekodi alikuwa ameshasimika vinasa sauti vyake, ametandaza waya ukumbi mzima. Viti vimejaa. Mimi nikapanda kurekebisha dramu, nikatupa jicho kwenye ubao wa shemeji, na macho yakanitoka.

Ile adapta kuukuu ilikuwa imerudi. Iko nyuma ya spika, imefichwa kwa kitambaa cha kochi, na waya wake wenye plasta umekwenda mpaka kwenye pedali ya kijani.

Nilimfuata nyuma ya pazia, nikamshika kola. Haki ya Mungu nilimshika kola mume wa dada yangu. "Umechanganyikiwa? Tumezunguka na ubao huo mpaka mgongo umepinda, unarudisha nyuki leo? Leo? Mrekodi akimsikia anaondoka! Unataka kummaliza dada yangu?" Na nikauchomoa ule waya.

Hakunisukuma. Alisubiri nishushe pumzi, kisha akanikalisha juu ya kreti la soda.

"Juzi umeme ulikatika nyumbani," akasema. "Dada yako alikuwa kwenye kigoda, mimi nina gitaa mapajani. Akajaribu kuanza wimbo. Akaanza chini. Akajaribu tena, akaanza juu. Akavitupa vifuko, akalia. Basi umeme ukarudi, friji likatikisika, likaanza kuvuma. Hata machozi hajafuta, akaanza tena. Akaingia palepale."

"Friji?" nikauliza.

"Nimelipima friji kwa gitaa. Nikaipima na adapta. Sauti ni moja, shemeji. Umeme wote unavuma hivyo. Miaka yote hiyo anaichukua pale. Na sisi tunamfuata yeye, ndiyo maana mrekodi anatuona tuko juu ya alama."

Kichwa kilinizunguka. Nilijaribu kukipanga: dada anamfuata nyuki, sisi tunamfuata dada, na sisi wenyewe ndio tuliokwenda kumuua nyuki. "Anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie! Mwambie sasa hivi, anadhani sauti imekufa!"

"Subiri kwanza." Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasubiri. Alikuwa anatafuta maneno, anayazunguka kama kochi. "Nikimwambia, atasikia kwamba haikuwa yeye, ilikuwa adapta. Si kweli. Nyuki yule ukumbi mzima ulikuwa unamsikia, wewe ulikuwa unamsikia, nani kati yetu alitoa wimbo ndani yake? Lakini yeye hatasikia hivyo. Atasikia adapta, na hatajivuna tena." Akafuta uso kwa kiganja. "Miaka yote anasema inakuja yenyewe. Wacha ije yenyewe."

"Na mrekodi?"

"Ya kijani nikiikanyaga inavuma. Nikiikanyaga tena inanyamaza. Nitaikata pale dada yako anapofungua mdomo."

Niliinuka kwenye kreti, nikaenda nikauchomeka ule waya kwa mkono wangu mwenyewe. 

Ukumbi ukanyamaza. Dada alisimama mbele, mabega yameanguka, haangalii watu. Shemeji akakanyaga. Mmmmm. Kule pembeni mrekodi akaruka kwenye kiti, akavuta spika zake za masikioni, mkono juu, tayari kusimamisha shughuli nzima. Mimi nikamkazia macho kwamba akithubutu namrushia kijiti. Dada akainua kichwa. Nilimuona akiinua, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Akafumba macho, akavuta pumzi. Mguu wa shemeji ukashuka, nyuki akakatika, na dada akaanza.

Aliimba mstari mzima kwenye ukimya ule, na mkono wa mrekodi ukashuka polepole wenyewe. Tukaingia wote kwa mpigo. Alikuwa palepale. Mimi nilipiga wimbo mzima sioni dramu kwa machozi, nagonga kwa mazoea.

Ulipokwisha, na watu wamesimama, dada alikuja nyuma akanikumbatia, akamkumbatia binti wa kiitikio, akaikumbatia hata spika. "Imerudi! Mmeisikia? Imerudi yenyewe!"

Mrekodi akapanda jukwaani akicheka. "Mama, ni nzuri mno. Ule mvumo wa mwanzo nitaukata, haukuingia kwenye sauti yako. Lakini wewe bwana," akamgeukia shemeji, "kifaa chako kile wamekuuzia kibovu. Bado kinavuma."

Watu wakacheka. Mpiga besi akasema si alishauri cha kuchaji? Dada akaweka mikono kiunoni. "Siku nzima ile dukani, mume wangu, na umerudi na nyuki yuleyule?"

Shemeji akatazama sakafu. "Nimepigwa," akasema.

Nami nikacheka kwa sauti kuliko wote, maana niliona ndiyo kazi iliyobaki kwangu. Tangu siku hiyo nimeisimulia habari ya kuingizwa kwake mjini kila mahali, nikiitia chumvi. Kila Jumapili nyuki analia kidogo, dada anamsonya mumewe, nyuki anakatika, na wimbo unaanza. Waya wa kugeuzia shemeji hajaufuata mpaka leo. Akiulizwa anasema anafikiria.

Mwezi uliopita mama yetu alikuja kututembelea. Alikuwa ametoka kuumwa, amekonda, kitenge kinamzunguka. Rekodi alikuwa ameisikia, ameisifu, lakini alipokaa sebuleni akasema, "Ile ni ya spika. Mimi nataka ya mdomo." Dada akacheka, akavuta kigoda chake, akakaa sawasawa. Watoto wakanyamazishwa.

Friji nalo lilikuwa limenyamaza, kama yanavyofanya yakishapoa. Nililisikia limenyamaza, nikamtazama shemeji.

Shemeji akainuka, akalifungua friji, akasimama mbele yake mlango wazi, anatazama ndani kama mtu anayechagua kitambaa.

"Wewe! Barafu zangu!" dada akapiga kelele.

"Mkwe wangu," mama akasema, "hilo si dirisha. Funga."

"Subiri kwanza," shemeji akasema. "Natafuta maji."

"Chupa iko mbele ya pua yako! Mwanaume gani huyu, hata friji hajui kulifunga?" Watoto walikuwa wanacheka, nami nikacheka nao. Yeye aliendelea kusimama pale, baridi inamwagika miguuni, anasogeza kifuko hiki, anasogeza kile, mpaka friji likatikisika mara moja, likaanza kuvuma. Ndipo akafunga.

Dada akamsonya mara ya mwisho, akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza. Alipomaliza mama alikuwa amemshika mkono, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "unaitoa wapi?"

"Inakuja yenyewe, mama."

Shemeji akarudi akakaa mahali pake, mikono mitupu. Maji hakuchukua.